Kesi ya Scopes haikuifuta sheria ya Tennessee

Je, kesi ya mwaka 1925 ya John Scopes, mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha mageuko (nadharia kwamba viumbe, binadamu akiwemo, wametokana na viumbe vya awali), iliifuta sheria iliyokataza somo hilo? Hapana, haikufutwa 1925. Sheria ya Tennessee iliyowakataza walimu wa shule za umma kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama iliendelea kuwapo hadi bunge la jimbo lilipoiondoa mwaka 1967. Scopes alishindwa kesini pale Dayton, mji wa Tennessee, na kutozwa faini ya dola 100. Faini hiyo aliipanga jaji mwenyewe, ilhali katiba ya jimbo ilitaka faini inayozidi dola 50 ipangwe na baraza la wazee wa mahakama. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ya Tennessee ilitengua hukumu mwaka 1927, kwa kasoro hiyo tu, huku ikisema sheria yenyewe ni halali. Kwa kuwa hukumu ilishatenguliwa, mawakili wa Scopes wakakosa cha kukatia rufaa Washington, kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani! Magazeti ya mijini yaliwakejeli sana Wakristo wa msimamo mkali walioiunga mkono sheria hiyo, ndiyo maana wengi wanadhani Wakristo hao walishindwa. Kumbe baada ya kesi baadhi ya wachapishaji walipunguza habari za mageuko katika vitabu vya shule. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha katazo la namna hiyo mwaka 1968 tu, katika kesi ya Epperson, nayo ilihusu Arkansas.