Achana na gredi ya mafuta, katafute karatasi ya chembe sahani

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba altrasaundi uliyopigwa Muheza imeonyesha mafuta kwenye ini gredi ya kwanza, ALT yako, kile kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, ni 33, una miaka 44, kisukari unacho mwaka wa sita, na aliyekusomea majibu kakwambia "hiyo kawaida, punguza chipsi". Halafu unatuuliza mambo manne: nazi uache au usiache, dawa gani ya kienyeji inasafisha ini, safari zako za kubeba mboga Lushoto uendelee nazo, na miaka 10 ijayo ini litakufikisha wapi. Wachangiaji watatu hapo juu wamekupa hongera. Mimi hongera sina. Maneno hayo hayo, gredi hiyo hiyo, niliambiwa mimi hapa Tanga mwaka 2016, nikayaamini miaka saba.

Hilo swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na jibu lake halimo kwenye altrasaundi. Gredi inakwambia mafuta ni mengi kiasi gani. Haikwambii ini limeota makovu kiasi gani, na makovu ndiyo yanayoamua nani atazeeka na ini lake na nani litamwangusha. Mwaka 2015 Paul Angulo na wenzake walitoa utafiti wa wagonjwa 619 wa Marekani, Ulaya na Thailand waliokatwa kinyama cha ini kikapimwa, na zaidi ya nusu yao walifuatiliwa miaka 12 na ushee. Kati ya yote yaliyoonekana kwenye vile vinyama, kilichoeleza nani atakufa au atahitaji kupandikizwa ini kilikuwa makovu. Makovu yanapangwa kuanzia F0, yaani hakuna, mpaka F4, ini limeshasinyaa. Hicho ndicho cha kukitafuta.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 46, karani bandarini, kilo 94, kisukari mwaka wa tatu. Altrasaundi: gredi ya kwanza. ALT 41, na AST, kimeng'enya kingine kinachopimwa pamoja nayo, 38. Nikaambiwa mafuta kidogo tu, kila mtu mjini anayo. Sawa. 2019 nikapima tena, ALT 36. "Umeona? Inashuka." Nikafurahi, nikanunua samaki changu wawili wakubwa nikarudi nao Makorora. 2023 ALT ikawa 25. Ishirini na tano! Yule bwana wa kile kituo cha vipimo akanipa mkono kabisa, akasema ini langu ni la kijana. Na AST ilikuwa 52, imewekewa alama ya kupanda, akaipitisha kidole kama vumbi: "hii ni ya misuli, ulibeba mizigo?" Karani mimi, nibebe mizigo gani?

Katikati ya hapo kulikuwa na muuza dawa wa chupa. Lita mbili kila mwezi, chungu kama shubiri, "inachuja mafuta". Kila ALT iliposhuka akaja kudai sifa, na mimi nikampa. Huyu sina maneno naye mengi, ila nikikumbuka kwamba alikuwa anajua nina kisukari na bado akaniambia dawa za hospitali nizipumzishe nikiwa kwenye dozi yake, damu inanichemka. Ndugu yangu, hakuna chupa inayofuta makovu, na mitishamba mingine yenyewe inaumiza ini. Swali lako la dawa limeishia hapo.

Mwezi huo huo nikaenda kliniki ya kisukari, nikakuta daktari mpya, binti mdogo umri wa wanangu. Akaniuliza kama nina karatasi za zamani. Mke wangu hatupi karatasi. Akaleta bahasha ya kaki iliyovimba, majibu ya tangu 2016, mengine yameshafifia. Yule binti akazitandaza mezani mafungu mawili. Huku karatasi za ini. Huku karatasi za picha nzima ya damu, ambazo mimi nilidhani ni za kuangalia upungufu wa damu tu. Akatoa simu, akawa anabonyeza huku kimya. Akaandika nyuma ya bahasha: 1.04. Chini yake 1.75. Chini yake 3.88. Akainua macho: "Baba, hizi karatasi nani alikuwa anakusomea?"

Hiyo namba inaitwa FIB-4. Ilitungwa 2006 kwa ajili ya watu wenye VVU na homa ya ini C kwa pamoja, leo inatumika duniani kote kwa mafuta kwenye ini. Inataka vitu vinne tu: umri, AST, ALT na chembe sahani, zile chembe za kugandisha damu ambazo maabara inaziandika PLT. Zidisha umri kwa AST. Weka pembeni. Chukua chembe sahani, zidisha kwa kipeuo cha pili cha ALT. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Basi. Ikiwa chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Ikizidi 2.67, usilale. Katikati, unahitaji kipimo kingine.

Chembe sahani zangu zilikuwa 262 mwaka 2016. 2019 zikawa 205. 2023 zikawa 142. Miaka yote saba zinashuka, na namba zote zilikuwa ndani ya kabati la nguo chumbani kwangu. Hakuna aliyeweka karatasi hizi mbili pamoja. Yule binti akanieleza: ini likijaa makovu, damu inapita kwa shida, inarudi nyuma na kuijaza bandama, bandama inavimba na kuzikamata chembe sahani. Na ALT kushuka haikuwa nafuu. Ini likichakaa, vimeng'enya vinaweza kurudi kawaida huku ugonjwa umeshafika mbali. Mtu anaweza kuwa na ini lililosinyaa na ALT safi. Ile siku nilipopewa mkono ndiyo siku niliyokuwa na hali mbaya kuliko zote.

Nikapanda basi la asubuhi kwenda Dar kufanya fibroskani, kipimo cha ugumu wa ini, bila kula, maana ukila kabla kinadanganya. Unalala chali, mkono nyuma ya kichwa, kile kifaa kinakugonga kati ya mbavu kama mtu anakudona kwa kidole, mara kumi. Majibu kilopaskali 16.8. Chini ya 8 ndipo unapumua. Nikaingizwa mpira wenye kamera, ikaonekana mishipa ya umio imeanza kuvimba. Shamba la minazi la marehemu baba kule Pangani nikaliuza kulipia vipimo na safari. Mle ndani kulikuwa na kaburi la bibi. Nalipita nikienda Mwera, najifanya naangalia upande wa bahari.

Nimepungua kilo 11, nimeacha soda na chai ya sukari, na mwaka huu fibroskani imeshuka mpaka 13.1. Ukipunguza asilimia 10 ya uzito hata makovu yanaweza kurudi nyuma kidogo, hilo ni kweli. Lakini mimi kila miezi sita lazima nipigwe altrasaundi kutafuta saratani ya ini, maisha yangu yote. Ningeijua ile 1.75 ya mwaka 2019 ningeanza kupungua nikiwa bado sijafika huko.

Kwa hiyo hiyo ALT yako ya 33 usiifurahie. Angalia: mwenye miaka 44, ALT 33, AST 30, chembe sahani 280 anapata 0.82. Mwingine umri huo huo, ALT 33 hiyo hiyo, lakini AST 48 na chembe sahani 150, anapata 2.45. Wote wawili wangeambiwa wapunguze chipsi.

Tahadhari kabla hujabonyeza simu. Usitumie damu iliyopimwa ukiwa na malaria au dengi, maana chembe sahani zinashuka na namba inapanda bure. Jirani yangu wa Mikanjuni alilia siku mbili kwa ajili ya hilo, alikuwa na malaria tu. Chini ya miaka 35 haiaminiki sana. Ukishafika 65, mpaka wa chini ni 2.0 badala ya 1.3. Namba kubwa pekee si hukumu, ni tiketi ya fibroskani. Na kwa kuwa una kisukari, hata ukipata ndogo leo, rudia kila mwaka. Sasa hivi wajukuu wananiona na bahasha ya mtu wanakimbilia kuniletea kikokotoo. Pima na homa ya ini B, maana huku kwetu ipo na inakula ini hilo hilo. Presha na lehemu usiziache, kwani wenye mafuta kwenye ini wengi huuawa na moyo kabla ya ini.

AST hujaandika. Picha ya damu umesema ulipima Machi, iko wapi? Itafute usiku huu, angalia mstari wa PLT, uwe mkweli kama ulikuwa na homa wiki ile. Weka hapa namba zote nne, nakaa macho nakusubiri.