Uliza Shangazi: Wametafutwa siku tatu wakaacha, tunyamaze?

Wiki hii barua karibu zote ni za Ziwa Victoria, na sishangai, huku Mwanza tangu zile habari za wavuvi waliopotea hakuna kijiwe wala daladala isiyozungumzia hilo. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeirudia kuisoma mara nne, mtanisamehe jibu lake ni refu.

Shikamoo shangazi. Niko Kayenze. Mdogo wangu alitoka jioni na wenzake wawili kuvua dagaa, ilikuwa giza hakuna mwezi, usiku upepo ukavuma mpaka mabati yanataka kung'oka. Asubuhi mitumbwi mingine ikarudi, wa kwao hapana. Tajiri mwenye mtumbwi akasema tusubiri labda wamesukumwa kisiwani, tukasubiri siku nzima, kesho yake ndio tukaripoti. Boti ikaja ikazunguka siku tatu ikaacha, tukaambiwa tukiona chochote tupige simu. Mtumbwi umepatikana umepinduka, watu hakuna. Sasa kwenye magrupu ni vurugu, huyu anaitukana serikali, yule anasema eti walikuwa wamelewa, na ndugu wengine wananiambia mimi nikae kimya nawasumbua watu. Kweli ninyamaze?
*Dada wa mvuvi, Kayenze*

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Usinyamaze. Anayekwambia unasumbua watu hajawahi kukaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, akiangalia maji mpaka jua linazama.

Sisi wa huku tuna sababu ya kutoamini haraka tukiambiwa basi imetosha. Unakumbuka MV Nyerere, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha watu 101 kimejaza kupita kiasi kikapinduka pale Ukara karibu kabisa na gati la Bwisya. Giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa mpaka asubuhi na watu wakaumia sana, mimi nikiwa mmoja wao, maana ndugu walikuwa pale pale ufukweni wanaliona tumbo la kivuko limeelea halafu wanaambiwa kesho. Mwisho wa hesabu waliokufa ni 228, waliopona 41. Na katika hao 41 kuna fundi wa mitambo aliyetolewa Jumamosi, siku mbili baadaye, alikuwa humo ndani kwenye sehemu iliyobaki na hewa! Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba wameacha mapema siwezi kumwita mkorofi.

Ila nikwambie na upande wa pili, maana umeniuliza kama mwanangu sitakuficha. Mtumbwi ukizidiwa usiku, mtu anaelea na upepo na mawimbi, tuseme anasukumwa kilomita moja tu kwa saa na hatujui upande gani. Baada ya saa 6 unamtafuta kwenye duara la kilomita za mraba kama 113. Ukisubiri saa 24 duara hilo limefika zaidi ya kilomita za mraba 1,800, na boti ni ile ile moja, na mafuta ni yale yale. Ziwa lote ni kilomita za mraba 68,800. Sasa rudi kwenye barua yako, siku nzima mmekaa mnasubiri neno la tajiri. Sikulaumu wewe hata kidogo, ndivyo tunavyoishi mialo yote, mtumbwi ukichelewa tunasema watakuwa wamelala kambini, na simu haipatikani tunasema chaji imeisha. Lakini roho inaniuma kwamba kelele zote hizi zimekuja siku ya nne wakati siku ya kwanza ndio zingefanya kazi. Maji yetu si ya baridi kama ya kwa wenzetu, mtu aliyeshika dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri anaweza kuvuta masaa mengi, kwa hiyo yale masaa ya mwanzo ni uhai kabisa.

Halafu angalia nani anafika kwanza. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43, wakapona 24, na waliowahi kuwafikia ni wavuvi na mitumbwi yao, yule kijana Majaliwa Jackson akiwa mmoja wao. Sasa fikiria wavuvi hao hao wakipotea wao, nani anajua walitoka saa ngapi? Kwenye mialo mingi hakuna hata daftari. Mimi hicho ndicho ningekipigia kelele mpaka sauti ikauke: kila mwalo daftari la nani katoka, yuko na nani, kaelekea wapi, anarudi lini, na saa ya kurudi ikipita watu wanapiga simu bila kuomba ruhusa ya tajiri. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112.

Na sasa hivi ufanye nini. Nenda kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, hapo Kayenze, waulize wazee upepo wa usiku ule ulikuwa unatoka wapi, kisha wapigie wenzao wa mialo na visiwa vya upande ulikoelekea, mmoja mmoja, uwaambie watatu hao walivaa nini, rangi ya mtumbwi, namba yake. Waombe polisi wafuatilie simu ilishika mnara gani mara ya mwisho. Maji ya vuguvugu hayakai na mtu muda mrefu, naomba unielewe bila kunilazimisha kusema zaidi, kwa hiyo wa ng'ambo wajue wanamtafuta nani na wampigie nani. Hao wanaosema walikuwa wamelewa usiwajibu, hawakuwepo. Na ukikuta picha ya mtu ametolewa majini inarushwa kwenye grupu mwambie aliyeirusha aifute, siku moja mama wa mtu ataifungua akiwa jikoni.

Shikamoo shangazi, mimi ni kijana wa bodaboda Buzuruga. Nimesoma kuna mabaharia wa Uingereza walipotea, utafutaji ukasimamishwa, watu wakasaini mtandaoni ukarudishwa. Na sisi tukisaini laki mbili si watarudi ziwani?

Marahaba. Hiyo ni kweli, ilikuwa Mei 2014, jahazi la mashindano linaitwa Cheeki Rafiki, ndiyo, rafiki neno letu hili hili, na sijui kwa nini hilo linanigusa kila nikilikumbuka. Walikuwa wanne, wanatoka Antigua kurudi Southampton, katikati ya Atlantiki likaanza kuingiza maji halafu mawasiliano yakakatika. Walinzi wa pwani wa Marekani wakatafuta, tarehe 18 wakaacha. Watu zaidi ya laki mbili wakasaini, serikali ya Uingereza ikaomba, tarehe 20 ndege zikaruka tena. Tarehe 23 wakaliona jahazi limepinduka, mkuku, ule uti mzito wa chini, umeng'oka, na boya la kujiokolea bado liko mahali pake ndani, maana yake hakuna aliyewahi kulitumia. Hapo utafutaji ukaisha. Wale wanne hawakuonekana.

Kwa hiyo kelele hazikuwarudisha, lakini zilileta jibu, na kwa mama anayesubiri jibu si kitu kidogo. Tena hawakupiga kelele hewani. Walijua wanamwomba nani, mwenye ndege, na walikuwa na hoja, kwamba hawa ni mabaharia wazoefu na wana boya wanaweza kuwa hai. Mkisaini huku andikeni hivyo hivyo, mnataka nani afanye nini, eneo gani, na mna sababu gani. Matusi hayajazi mafuta kwenye boti.

Na jambo moja nakuomba kijana wangu, hasira isiwageuze mkaanza kuwashinikiza waokoaji wafanye lolote ilimradi wafanye. Mei 21, 1996 mimi nilikuwa msichana wa sekondari hapa mjini. MV Bukoba ilipopinduka ikielea tumbo juu, ndani watu walikuwa wanagonga, wanasikika. Ikatobolewa ili watoke, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama nao. Waliofanya vile walitaka kuokoa. Nikipita makaburi ya Igoma mpaka leo mwili unasisimka.

Shangazi, mume wangu ni mwezi sasa ziwani hajaonekana. Baba mkwe anataka tuanue matanga, mama mkwe amekataa, anasema hajaona mwili, kila jioni anamwekea chakula. Mimi nimebaki katikati. Nansio.

Mwanangu, hapo hakuna mwenye kosa. Baba mkwe anataka mje mpumue, mama mkwe hana kaburi la kwenda kulia, sasa alie wapi? Wajaluo wa upande wa Rorya na ng'ambo Kenya wana njia yao, mtu akipotea ziwani wanazika tunda la mwegea badala ya mwili, wanachimba kaburi kweli na watu wanakuja. Sisemi mfanye hivyo, kila nyumba ina mila na dini yake, mwite sheikh au padri wenu mumsikilize. Ila mwombeni mama mkwe achague yeye siku na mahali, hata kama ni pale mwaloni alipoondokea, isomwe dua, jina lake litajwe. Na akiendelea kumwekea chakula jioni, mwache aweke. Kaa naye mle pamoja.

Yule dada wa Kayenze, nasubiri uniambie wazee walisema upepo ulitoka wapi.