Roketi zako za utotoni: tumia mwili, acha injini

Kaka, umesema uko Texas, umefikisha miaka 41, na umekuta darini boksi lenye roketi mbili za modeli na injini zake za tangu utotoni. Unauliza kama uzirushe tu.

Roketi ndiyo, injini hapana. Baruti iliyoshindiliwa ndani ya injini ikipigwa na joto na baridi miaka yote hiyo hupata nyufa, na ukiiwasha inaweza kupasua roketi nzima. Injini hizo ziloweke kwenye ndoo ya maji mpaka zivurugike, ndipo uzitupe.

Sasa shika roketi yenyewe. Vuta ile raba inayounganisha pua na mwili. Ikikatika kama biskuti, weka mpya. Tikisa kila pezi taratibu kwa vidole viwili, uone kama limelegea. Parachuti ya plastiki iliyokaa imekunjwa hugandana, kwa hiyo ikunjue na uipake poda ya mtoto.

Injini mpya nunua A8-3, hata kama moyo unataka C6-5. Kila herufi inayofuata huongeza maradufu nguvu ya jumla ya injini. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Ya mwisho ni sekunde za kusubiri baruti ikiisha kabla parachuti haijatoka. Ukianza na C kwenye uwanja mdogo wenye upepo, utaitafuta roketi kwenye mapaa ya majirani.

Wakati wa kuwasha simama mita 5 au zaidi. Na kwa Texas, ulizia kwanza kama kaunti yako haijapiga marufuku moto kwa sababu ya ukame.