Hakimu hakuuliza nani alikosa katika ndoa

Ndugu yangu unayeuliza kama unaweza kwenda Newala ukamchukue binti yako wa miaka minne shuleni bila mama yake kujua, kwa sababu wewe ndiye mwenye kipato, nakusihi usiende. Hata kama bado hakuna amri yoyote ya mahakama, tendo hilo litasimuliwa mbele ya hakimu kabla hujafungua kinywa, na utatumia siku nzima kujieleza badala ya kuelezea malezi unayoweza kumpa mtoto.

Kesi yangu ya malezi ya watoto ilisikilizwa miaka kadhaa iliyopita, nikiwa naishi Nachingwea na mke wangu amekwisha kurudi kwao. Kijana wetu alikuwa na miaka kumi na binti miaka mitano. Nilifika na daftari nililoandika makosa yote ya mama yao: siku alizochelewa kurudi, fedha za korosho alizotumia bila kuniambia, maneno aliyomjibu mama yangu. Hakimu alinisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza binti analala na nani, nani humwandalia uji asubuhi, na mwalimu wake anaitwa nani. Swali la mwisho sikuwa na jibu lake. Daftari halikufunguliwa tena.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, kisha inamtaka hakimu aangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii ya wahusika. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba ipo dhana kwamba ni heri akae na mama, nawe unaweza kuipinga kwa ushahidi. Lakini kifungu hicho hicho kinamkumbusha hakimu ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza mambo kama ndugu kutotenganishwa na malezi kutokatizwa, na chini yake unaweza kuomba kukaa na mtoto bila kudai talaka. Ukitaka talaka, kwa kawaida utaanzia baraza la usuluhishi.

Kuhusu mila, mzee mmoja alinishauri niseme kwamba mtoto ni wa baba. Sisi ni Wamwera, na kwetu, kama kwa Wamakonde na Wayao, ukoo hufuatwa kwa mama, kwa hiyo hoja hiyo ingenirudia mwenyewe, na mjomba wa watoto alikuwa ameketi pale pale akiisubiri. Hata hivyo naye hakushinda kwa hoja ya mila, kwa kuwa hakimu alisema mila anaisikia lakini haiwezi kuyapita maslahi ya watoto.

Kilichokuwa na uzito kuliko maneno yetu sote ni taarifa ya afisa ustawi wa jamii. Alikuja nyumbani asubuhi, akaomba kuona kitanda, akaukunjua mkono ndani ya chandarua kutafuta matundu, akauliza maji tunachota wapi na mimi nikienda shamba watoto hubaki na nani. Kisha akamchukua kijana wakakaa peke yao chini ya mkorosho kwa muda ulioniwia mrefu sana. Kijana alimwambia anapenda kukaa nami, ila hataki kuachana na mdogo wake.

Basi wote wawili walikwenda kwa mama. Mimi nilipewa kukaa nao mwisho wa kila mwezi, pamoja na nusu ya likizo ya Juni na ya Desemba, na siku na saa za kuwachukua na kuwarudisha ziliandikwa kwenye amri. Hilo la saa usilidharau, kwa maana amri inayosema tu kwamba baba atawaona watoto wake huzaa ugomvi kila mwezi. Kuhusu matunzo, nilipeleka karatasi za malipo ya chama cha msingi, yaani ushirika tunaouzia korosho, kuonyesha kwamba fedha zangu huja msimu wa korosho, nikaomba nilipe kiasi kidogo kila mwezi na sare, madaftari na viatu nivimalize mara moja kabla ya Januari. Nilikubaliwa. Tulionywa pia sote wawili kwamba mimi nisizuie matunzo kwa kunyimwa watoto, wala yeye asinizuilie watoto kwa kucheleweshewa fedha.

Kwa hiyo wewe anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri anakoishi binti, uombe siku za kumwona, na uende siku hizo bila kukosa, kwa kuwa dhana ya miaka saba haiondolewi na mshahara. Amri yenyewe si ya milele. Hali ikibadilika sheria inaruhusu kuomba ibadilishwe. Mimi nilirudi miaka mitatu baadaye, kijana alipochaguliwa kwenda sekondari ya kutwa iliyo karibu na kwangu, na mara hii aliulizwa akajibu mwenyewe kwamba yuko tayari kuhama. Amri ikabadilishwa kwake peke yake. Binti amebaki kwa mama yake, na likizo huja kwetu wakawa pamoja.