Shahada Mbili kwa Pamoja: Je, Mwanafunzi wa Pemba Ana Nafasi?

SWALI

Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Sita, mchepuo wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu). Nimesikia habari za Programu ya Huntsman ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, inayotoa shahada mbili kwa pamoja katika biashara na taaluma za kimataifa. Kiarabu nimekisoma skuli na chuo cha Qur'ani. Baba yangu ni mkulima wa karafuu na hana uwezo wa kunilipia. Je, niombe kabla ya mitihani ya taifa au nisubiri matokeo? Na huko Ulaya hakuna njia iliyo nafuu zaidi?

Msomaji wa kike, Chake Chake

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nafasi unayo, ingawa ni finyu, kwani Huntsman huchukua makumi machache tu ya wanafunzi kila mwaka kutoka duniani kote. Anayehitimu hupata shahada ya uchumi kutoka Wharton, ambayo ni skuli ya biashara ya chuo hicho, pamoja na shahada ya taaluma za kimataifa, na katika miaka hiyo minne husoma lugha moja ya kigeni hadi aimudu, kisha huenda kusoma kwa muda katika nchi inayoizungumza. Kiarabu kimo katika orodha ya lugha hizo. Huo ni mtaji wako, lakini jipime bila ya kujipendelea, kwa sababu mtu anaweza kuisoma Qur'ani vizuri na kufasiri kitabu mbele ya ustadhi wake, na bado akakwama kwenye ukurasa wa biashara wa gazeti la Cairo. Anza kusoma habari za uchumi kwa Kiarabu kila siku, na uziandike kwa ufupi kwa maneno yako.

Jambo la pili ni hisabati. Wanafunzi wengi wa ECA huiona BAM, yaani hisabati ya msingi ya matumizi, kuwa ni somo la kujazia, wakaishughulikia wiki ya mwisho. Wharton haiioni hivyo, kwani kalkulasi ni msingi wa masomo yake, na kwa mchepuo wako ni humo ndani ya BAM tu utakapoonesha kwamba unaiweza.

Sasa insha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo itakayokubeba au kukuangusha. Huntsman ina insha yake ya ziada, inayomtaka mwombaji aeleze kinachomvuta kwenye shahada mbili, na namna atakavyoutumia ujuzi huo katika suala la dunia ambamo biashara na mambo ya kimataifa hukutana. Waombaji wengi huandika juu ya umaskini wa Afrika kwa jumla, na insha zao hufanana kama karafuu za jamvi moja. Wewe andika unachokijua. Baba yako huchuma, huchambua, huanika, kisha huzipeleka karafuu zake kituoni kwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, ambako hupangiwa daraja na kupimwa, na kisheria hana mnunuzi mwengine wa kumwendea. Indonesia, inayozalisha karafuu nyingi kuliko nchi yoyote, huzichoma nyingi katika sigara zake za kreteki, na mavuno yake yakiharibika hulazimika kununua nje. Je, bei inayotangazwa na Serikali yetu inafuatanaje na mvua za Sulawesi, huko Indonesia? Na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayotolewa mafuta kiwandani Wawi, thamani yake huongezeka mikononi mwa nani baada ya kutoka Pemba? Anayeuliza hivyo hana haja ya kueleza kwa nini shahada moja haimtoshi.

Kuhusu wakati, ningekushauri usubiri. Maombi ya mapema hufungwa tarehe 1 Novemba, nayo humfunga mwombaji akikubaliwa, na ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari. Ukimaliza mitihani Mei na kupata matokeo Julai, utaomba ukiwa na cheti mkononi badala ya makadirio ya walimu, ambao skuli zetu nyingi hazijawazoesha kuyaandika. Mwaka unaopita katikati utautumia kwa Kiarabu na mtihani wa Kiingereza.

Fedha zina sharti gumu. Chuo hicho humlipia kila aliyekubaliwa upungufu wote wa familia yake kwa ruzuku isiyo mkopo, lakini kwa wasio raia wa Marekani, Kanada na Mexico, ombi la msaada huzingatiwa katika uamuzi wenyewe. Usilifiche kwa kutaraji kuomba baadaye, kwani mlango huo hautafunguliwa tena.

Ulaya njia ipo. ESB, skuli ya biashara iliyoko Reutlingen, Ujerumani, ina shahada mbili za menejimenti ya kimataifa, ambapo mwanafunzi husoma miaka miwili huko na miwili katika chuo shirika cha nchi nyengine, kama vile Ufaransa au Uhispania. Ada kwa wasiotoka Umoja wa Ulaya ni yuro 1,500 kwa muhula, lakini kula na kulala ni juu yako, na bila ya Kijerumani hutafika mbali.

Katika fomu ya Huntsman utatakiwa pia utaje shahada moja ya kawaida utakayofikiriwa ukikosa zile mbili. Ichague kwa makini ile ile, kwa sababu huenda ndiyo utakayoisoma.