Gitaa za Kujichongea: Mnauliza Rangi, Mbao Bado Mbichi

Maswali ya safari hii ni mengi, na karibu yote ni ya rangi: nyekundu ipi, klia (vanishi angavu ya juu ya rangi) ipi, mng'ao unatokaje. Wanaouliza habari za shingo ni wachache, nao wanauliza ikiwa imeshapinda. Tuanze na hao.

Fundi shikamoo. Mwezi uliopita nilinunua mninga, nikachonga shingo na bodi. Sasa nyuzi zimenyanyuka juu ya ubao wa vidole hadi vidole vinauma. Nikaze wapi? (Urambo)

Marahaba. Hukutaja nondo ya ndani ya shingo, na asiyeitaja kwa kawaida hakuiweka. Basi huna pa kukaza. Nyuzi za seti ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) zikikazwa kwa sauti ya kawaida huvuta kwa jumla ya kilo 46 hivi, usiku na mchana. Ni kama kuning'iniza mfuko wa saruji kwenye kipande cha mti chenye upana wa vidole vitatu, halafu kipande chenyewe bado kina maji.

Muuza mbao akikwambia "hii imekauka", kumbuka anauza. Kadirio la mafundi ni mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene, lakini mizani haikadirii. Pima ubao, andika uzito kwa penseli juu yake, upime tena kila wiki. Ukipita mwezi mzima bila kupungua, umefika mwisho wa kukauka kwa hewa ya hapo ulipo. Ncha zake zipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa, maana maji hukimbilia kutokea nchani na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Usiuanike juani, utapasuka au ujikunje kama chapati.

Zingatia maneno "hewa ya hapo ulipo". Ubao uliokauka Tabora mwezi wa Septemba, ukipelekwa Kigoma kando ya ziwa wakati wa mvua, utanywa unyevu na kutanuka. Gitaa litakakoishi, ndiko ubao ukae wiki mbili tatu kabla ya randa ya mwisho.

Shingo yako hiyo usihangaike nayo. Chonga nyingine kwa vipande vitatu vilivyogundishwa pamoja, nyuzinyuzi za mti za kipande cha kati zikielekea kinyume na za pembeni, ili kimoja kikitaka kupinda vingine vikizuie. Kama nondo ya kurekebisha haipatikani, zamisha chuma bapa cha milimita 6 kwa 12, kisimame wima, ukigundishe kwa epoksi. Hakirekebishiki, ila kinashikilia. Baadaye bana uzi kwenye freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole) ya kwanza na ya mwisho, utazame freti ya 7: nafasi kati ya uzi na freti iwe robo ya milimita, unene wa kadi nyembamba.

Jambo moja hukuliuliza. Mninga na mkurungu nunua penye risiti na kibali cha mazao ya misitu. Mkurungu upo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2019, na bodi ya gitaa ikikamatwa njiani inahesabika kuwa mbao kama mbao nyingine.

Naweza kutumia waya wa breki ya baiskeli badala ya nyuzi? (Ujiji)

Ni chuma, pikapu (koili yenye sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi) itausikia. Lakini umeshasokotwa, haunyooki tena, kwa hiyo kila freti utakayobana itakuwa na uongo wake.

Nimepiga rangi ya mafuta nyekundu, ikakauka siku mbili, nikapuliza klia ya gari juu yake. Imekunjamana yote kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Klia ilikuwa feki? (Kasulu)

Klia haina kosa. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, tena huanza juu na kubaki laini chini. Klia ya gari inakuja na thina kali, ambayo hupenya ile ngozi ya juu na kuvimbisha kilicho chini. Vikivimba na havina pa kwenda, vinakunjamana. Sheria ni fupi: rangi ya thina kali haiji juu ya rangi ya mafuta. Kinyume chake huwezekana. Sasa kwangua yote mpaka mbao, usijaribu kuificha kwa koti jingine.

Ukirudia, fuata mpangilio huu. Msasa 120, kisha 180, kisha 240, wote ukifuata mwelekeo wa mti. Mninga una vitundu, kwa hiyo jaza kwa sanding sila makoti matatu, kila koti likikauka pitisha msasa 320 kidogo tu. Halafu praima makoti mawili, rangi matatu membamba, klia manne mpaka sita. Membamba! Anayetaka kumaliza kwa koti moja nene anapata machozi yanayotiririka pembeni mwa bodi. Ukimaliza liweke gitaa kando wiki mbili, halafu msasa wa maji 1000, 1500, 2000, ndipo polishi. Mng'ao mnaoulizia kila siku unatoka kwenye msasa huo. Kopo la klia lenyewe haliutoi.

Wakati wa mvua puliza siku kavu tu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Hewa yenye unyevu huacha ukungu mweupe ndani ya klia. Na kama klia yako ni ile ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha, kitambaa puani hakitoshi. Mvuke wake huharibu mapafu, na mwenye pumu asiukaribie kabisa. Vaa barakoa yenye kichujio cha kemikali, upulizie nje, watoto wakiwa mbali.

Rangi gani ni nzuri kwa gitaa? (wengi)

Iliyokauka.

Nimenakili nafasi za freti kutoka kwenye picha ya gitaa nikaikuza. Chini linaimba vizuri, nikipanda juu linapotea. (Nzega)

Picha hupinda pembeni, na kosa la milimita moja huko juu sikio hulisikia mara moja. Freti haziigwi, zinahesabiwa. Chukua urefu wa uzi kutoka kizingiti cha kichwani mpaka daraja linaloshika nyuzi kwenye bodi, gawa kwa 17.817, utapata freti ya kwanza. Kilichobaki gawa tena kwa 17.817, na kuendelea hivyo. Kwa urefu wa milimita 648, ambao ndio wa Fender nyingi, freti ya 1 iko 36.37 kutoka kizingiti, ya 2 iko 70.70, ya 3 iko 103.10, ya 5 iko 162.55, ya 7 iko 215.51, na ya 12 iko 324 kamili, yaani katikati. Ya 12 isipoangukia nusu, umekosea hesabu, rudi mwanzo.

Pima zote kutoka kizingiti. Mwenye kupima freti hadi freti anarundika makosa madogo, na akifika ya 15 yamekuwa kosa kubwa. Tumia rula ya chuma, na alama uweke kwa kisu. Ncha ya penseli peke yake ina nusu milimita.

Daraja nalo usilikaze kwenye 648 kamili. Uzi ukibanwa hukazwa kidogo na kupanda, kwa hiyo vikalio (vipande vya daraja ambavyo nyuzi hulalia) virudi nyuma milimita 2 kwa nyuzi nyembamba na mpaka 4 kwa nene. Linganisha sauti ya uzi ulioguswa tu juu ya freti ya 12 na sauti ya uzi uliobanwa hapo hapo. Uliobanwa ukiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ukiwa chini, kisogeze mbele.

Bodi ya mpingo itatoa sauti nzuri? (Kaliua)

Itatoa mgongo mbovu. Mninga mkavu unakupa bodi ya kilo 2 na kitu, mpingo unakaribia mara mbili yake. Mpingo weka kwenye ubao wa vidole.

Nina waya wa shaba wa feni iliyoungua. Nizungushe mara ngapi kupata pikapu? (Kibondo)

Waya huo ni mnene mno. Pikapu ya koili moja ina mizunguko kama 8,000 ya waya wa milimita 0.06, mwembamba kama unywele. Ukijaribu mizunguko hiyo kwa waya wa feni utapata kitu cha ukubwa wa ngumi, na ukipunguza mizunguko sauti inakufa. Tafuta waya kwenye koili za relei ndogo, au agiza. Ukimaliza kuzungusha, pima kwa mita: kilo-omu 6 hivi ni sawa, ikionyesha hakuna njia basi umeukata mahali.

Kisha izamishe kwenye nta, sehemu nne za nta ya mishumaa na moja ya nta ya nyuki, ambayo ninyi wa mikoa ya asali hamna sababu ya kuikosa. Iyeyushe kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji, nyuzijoto 65 zisizidi, isiwe juu ya moto wenyewe. Ukiruka hatua hii waya hutikisika ndani na gitaa hupiga kelele ya filimbi mbele ya spika.

Gitaa langu sauti imefifia, halina ukali wa sebene. Nimeweka voliumu ya redio ya kilo-omu 10. (Sikonge)

Umejijibu. Weka ya kilo-omu 250 kwa pikapu ya koili moja, 500 kwa ya koili mbili.

Linanguruma, ila nikishika nyuzi linanyamaza. Ni ugonjwa gani? (Kigoma mjini)

Waya wa ethi wa daraja upo, kinachokosekana ni ngao. Funika ndani ya shimo la pikapu na voliumu kwa karatasi ya alumini, vipande vigusane, kisha uunganishe na ethi. Kama ungeshika nyuzi ikanguruma zaidi, kosa lingekuwa kwenye waya wa daraja.

Lakini angalia kabla ya kupiga tena. Nyuzi zako zimeungana na bodi ya amplifaya kupitia kebo. Amplifaya isiyo na ethi, au iliyokatwa pini ya tatu ili iingie kwenye soketi ya zamani, inaweza kuzitia nyuzi umeme wa volti 230, na mdomo ukigusa maikrofoni ndipo utakapojua. Pini irudishwe, na soketi ikaguliwe na fundi umeme.

Nipake rangi shingo nzima ifanane na bodi? (Uvinza)

Mgongo wa shingo, ukitaka. Ubao wa vidole, hapana. Na ule mfuko wa bodi ambamo shingo inakaa, milimita 16 kwenda chini na 56 upana, uzibe kwa utepe kabla ya kupuliza. Utepe uutoe rangi ikiwa bado haijakakamaa, la sivyo itabanduka nao.