Kuwarahisishia wanaoanza kuandika kodi za kompyuta ile skrini nyeusi: nilivyofanya mimi

Mkuu, umesema unafundisha watu wanaoanza kabisa kuandika kodi, nusu ya kipindi inaishia kwenye terminali, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, kabla hata hawajaandika mstari mmoja wa maana, sasa hujui uwaandikie kiprogramu chenye amri moja inayomaliza kila kitu au uwape tu kitufe cha kubonyeza wasahau habari za terminali. Mi nafundisha C na Python kwa wanaoanza muda sasa, na hizi skripti (viprogramu vidogo vya kuendesha amri) za kuwarahisishia nimeandika na kufuta nyingi tu.

Jibu la haraka: andika, ila hakikisha skripti yako inachapisha ile amri halisi inayoendesha. Ukishika hilo tu hata ukiachana na mengine yote hapa chini utafika.

Chukua C, ambayo lazima ipitie kwanza kwenye kompaila, kama gcc, inayogeuza kodi kuwa programu. Mtu anataka kuona salamu yake kwenye skrini, unamwambia aandike `gcc -Wall -g -o salamu salamu.c -lm` halafu `./salamu`. Wewe umeshazoea huoni kitu, yeye anaona vidude kibao ambavyo hajaelezwa hata kimoja, na akisahau hiyo `-o salamu` inayoipa programu jina anapata faili linaitwa a.out, basi anabaki kutafuta salamu yake imeenda wapi. Kwa hiyo mimi nina skripti inaitwa `jenga`, anaandika `jenga salamu.c` basi, na kitu cha kwanza inachotoa ni hiki:

naendesha: gcc -Wall -g -o salamu salamu.c -lm

Siku za mwanzo hakuna anayeusoma huo mstari, usijali. Ila kuna dogo mmoja alifika mahali kazi yake ina faili mbili, na `jenga` yangu inapokea moja tu, sijamsikia akiuliza, naenda kumchungulia nakuta ameukopi ule mstari kauongezea faili la pili mwenyewe na programu inakimbia. Sasa linganisha na wanafunzi ninaowapokea waliofundishwa kwa vifaa vinavyofanya kazi kimyakimya, wanakuja wanasema "kwenye kompyuta yangu C haipo" kumbe kilichokosekana ni kile kiprogramu cha mwalimu wao tu, kompaila ipo imekaa hapo hapo.

Na hili wala si wazo jipya, `make`, programu ya kujenga programu nyingine, ipo tangu 1976 na ukiandika `make salamu` bila hata kuwa na Makefile (faili lake la maelekezo) inajua yenyewe kuita kompaila, na inakuonyesha amri iliyoita. Ile kozi ya CS50 ya Harvard nayo inawaanzisha watu na `make` hivyo hivyo. Kama hutaki kuandika skripti yako anzia hapo, inatosha kabisa.

Sasa sehemu yenye kazi kwelikweli, ujumbe wa makosa. Kusahau amri si tatizo kubwa, muda mwingi unapotea mtu anapoona "No such file or directory" akaganda. Na mara nyingi yuko folda nyingine tu. Kompaila haiwezi kumwambia hivyo, ila skripti yako inaweza. Ya kwangu kabla ya kuita gcc inaangalia faili kama lipo, lisipokuwepo inasema:

Sioni salamu.c hapa.
Upo kwenye folda: /home/wewe
Faili za .c zilizopo hapa: hakuna
Umeshaingia kwenye folda ya kazi yako kwa cd?

Hiyo mistari minne imenipunguzia kunyooshewa mikono darasani kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuandika. Kingine, ukisahau nukta mkato moja kwenye C unaweza kumwagiwa makosa kumi ambayo tisa ni watoto wa lile la kwanza, kwa hiyo weka `-fmax-errors=1` gcc iishie kosa la kwanza. Na ukitaka kuelezea kosa kwa lugha nyepesi weka maelezo yako chini ya ujumbe wa asili, usiufute, maana siku haupo ataukopi ule wa asili akautafute mtandaoni, tafsiri yako ataitafuta wapi?

Kuna vitu sivigusi. Amri za folda `cd`, `ls`, `pwd`, `mkdir`, kubonyeza Tab ikumalizie jina, kishale cha juu kurudisha amri iliyopita, Ctrl+C kusimamisha programu iliyonogewa, hivyo wanajifunza kama vilivyo. Waambie pia kwamba paswadi haionekani ikiandikwa, wengi wanadhani kibodi imekufa. Na wafundishe kutofautisha `$` ya terminali na `>>>` ya Python, mtu ameshaingia ndani ya Python anaandika `python3 kazi.py` anapigwa SyntaxError, hapo skripti haikusaidii, ni jicho tu.

`rm`, amri ya kufuta faili, inatisha najua, haina kapu la takataka. Wengi wanaibadilisha kichinichini iwe inauliza kwanza, mimi sikubali kabisa, kwa sababu mtu anazoea kuulizwa halafu anakaa kwenye mashine nyingine ambayo haiulizi. Nimewapa amri nyingine inaitwa `tupa`, inahamisha faili kwenye folda ya pembeni. Kitu chenye tabia mpya kipe jina jipya, majina ya wenyewe yaache.

Python, wafundishe `python3 -m pip install` badala ya `pip install` tupu wanapoweka moduli (kodi ya ziada ya watu wengine), maana kompyuta ikiwa na Python mbili moduli inaingia kwenye moja na kodi inakimbia kwenye nyingine. Git, ile programu ya kutunza historia ya kodi, usiizungushie skripti, siku mabadiliko yakigongana skripti yako itaongeza moshi tu. Tumia `git switch` na `git restore`, zililetwa kwenye toleo la 2.23 mwaka 2019 sababu `git checkout` ilikuwa inabeba kazi mbili zisizohusiana. Halafu weka `git config --global core.editor nano` mapema, la sivyo mtu akisahau `-m` (ya kuandika ujumbe) kwenye `git commit` anaweza kujikuta ndani ya kihariri cha vi hajui mlango wa kutokea uko wapi.

Kuhusu kitufe, wiki za mwanzo sina ugomvi nacho. Shida inakuja programu inapoanza kusoma faili la data, kitufe mara nyingi kinaendesha kutoka folda ya mradi wakati faili liko folda ya ndani zaidi, kodi iko sawa ila inagoma na mtu hajui hata kama kuna kitu kinaitwa folda uliyopo.

Na kama sehemu ya darasa wanatumia Windows, hilo limalize kabla ya yote haya, wawekee WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows) au mazingira ya kwenye brauza ili wote waone kitu kimoja. Ukishaandika skripti ibandike hapa tuipitie, hasa ile sehemu ya faili lisipoonekana.